Swali Lililotoka Iwawa

Niliporudi Njombe nilikuta kazi inanisubiri kwenye umoja wa wakulima wa mbegu za viazi. Ofisi ya umoja iko Njombe mjini, na ghala lake liko Makambako, upande wa relini. Mimi ni mzaliwa wa kijiji cha Yakobi, hukuhuku Njombe. Nilisoma huku mpaka nikamaliza sekondari, nikaenda Dar es Salaam kujifunza kuandika programu za kompyuta, na nikafanya kazi kule kwa miaka kadhaa. Watu walioniuliza kwa nini nimerudi niliwajibu kwamba nimechoka na joto. Lilikuwa jibu la kweli, ingawa halikuwa lote. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kumsumbua, na ndugu zangu wote wako mbali.

Mfumo wa kompyuta wa umoja ulikuwepo kabla yangu. Aliyeujenga alikuwa mtu wa Makambako, mwalimu wa hesabu wa sekondari aliyeacha ualimu akajifundisha kuprogramu kwa vitabu alivyopakua mwenyewe kwenye simu. Kila mtu aliendelea kumwita Mwalimu, nami nikafuata. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alipenda kuvaa koti la suti juu ya sweta, mavazi yanayoeleweka kwa yeyote aliyesimama kwenye upepo wa Makambako asubuhi.

“Karibu, dada,” aliniambia siku ya kwanza. “Naomba kitu kimoja tu. Usibadilishe sehemu ambayo hujaisoma.”

Nikausoma wote. Ulikuwa umeandikwa vizuri kuliko mifumo mingi niliyoiona mjini. Aliujenga juu ya kiunzi cha kawaida cha programu, kile ambacho waandishi wengi wa tovuti hukitumia: ombi linafika kwenye seva, seva inaenda kwenye hifadhidata kuchukua taarifa, inaandaa ukurasa mzima, inautuma. Wakulima, mashamba yao, ukaguzi wa mashamba, mafungu ya mbegu yaliyovunwa na kuingia ghalani, vyote vilikuwa na kurasa zao. Ofisini Njombe, kwenye kompyuta ya mezani, mfumo huo haukuwa na tatizo lolote.

Tatizo lilikuwa wilayani Makete. Mabwana shamba na mabibi shamba wa umoja waliokuwa kule walikuwa wanatumia simu, na mtandao wa vijiji vya juu unakuja na kuondoka kama ukungu. Ukurasa uliobeba kila kitu ulikuwa unakwama katikati. Bibi shamba mmoja wa Iwawa, msichana wa Kikinga aliyemaliza shahada ya kilimo Morogoro, alikuwa akinipigia simu karibu kila wiki.

“Dada, mimi nataka kujua shamba hili lilikaguliwa lini, basi. Nyie mnaniletea picha, ramani, na jina la babu yake mwenye shamba.”

Nilianza kwa njia niliyoizoea. Nilimtengenezea programu ya simu, na kwenye seva nikaongeza anwani za kuchukulia taarifa: moja ya wakulima, moja ya mashamba, moja ya ukaguzi. Mara watu wa ghala nao wakataka ya kwao. Mara meneja wa umoja akataka moja inayochanganya mbili. Kila skrini mpya ilikuwa inadai anwani mpya, na kila anwani ilikuwa inaleta ama zaidi ya kilichohitajika ama pungufu. Ili kuona habari za mkulima mmoja, simu ya Iwawa ilibidi ibishe hodi mara kadhaa kwenye mtandao ambao hata hodi ya kwanza ulikuwa unaigomea.

Ndipo nilipopendekeza tuweke GraphQL. Ni lugha ya kuulizia taarifa. Badala ya seva kuamua itume nini, simu ndiyo inayoandika swali: nataka jina la mkulima huyu, mashamba yake, na kwa kila shamba tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Seva inajibu hayo tu, kwa mpangilio uleule wa swali. Na anwani inabaki moja. Nilimweleza Mwalimu kwamba hatutabomoa kitu. Hifadhidata itabaki ileile, kuingia kwa nywila kutabaki kulekule, kurasa zake zitaendelea kufanya kazi. Tutaongeza tu anwani hiyo moja ndani ya kiunzi chake, na nyuma yake vijiprogramu vidogo, kila kimoja kikijibu kipande chake cha swali.

Tulikuwa kwenye mgahawa mmoja Makambako, karibu na njia panda, tunakula chipsi mayai. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na nani ataamua mtu aulize nini?” akauliza.

“Mwenye simu.”

“Yeyote?”

“Yeyote aliyesajiliwa.”

Alikunywa chai yake. “Sisemi ni vibaya. Nasema sijaipenda.”

Meneja aliipenda. Yeye alikuwa mtu wa biashara, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika, na neno alilolisikia katika maelezo yangu yote lilikuwa “haraka”. Akasema tuanze, na mfumo uwe tayari kabla ya mvua za kupandia, mbegu zinapotoka ghalani.

Tukaanza. Mimi nilikuwa Njombe, Mwalimu alikuwa Makambako, na mara kwa mara nilikuwa napanda basi la asubuhi kumfuata. Nilifikiri ingekuwa kazi ya siku chache, kwa kuwa vitu vyote vilikuwa tayari kwenye kiunzi chake na mimi nilikuwa naviunganisha tu. Nilipomaliza sehemu ya kwanza, Mwalimu aliniambia nikae pembeni yake. Akaingia kwenye mfumo kwa akaunti ya mlinzi wa geti la ghala, ambaye kwenye kurasa za zamani alikuwa anaona namba za magari na saa za kuingia, basi. Akaandika swali. Aliuliza gari lililotoka jana lilibeba mafungu gani, na kila fungu ni la mkulima gani, na kila mkulima ana namba gani ya simu, ana mashamba mangapi, na mkaguzi aliandika nini kuyahusu.

Majibu yakashuka kwenye skrini, yote.

“Huyu ni mlinzi,” alisema bila kupandisha sauti.

Nililiona kosa kabla hajalieleza. Masharti ya nani anaruhusiwa kuona nini alikuwa ameyaandika ndani ya kurasa, ukurasa mmoja mmoja, kama inavyofanyika kwenye mifumo mingi ya aina hiyo. Mimi nilikuwa nimepita nyuma ya kurasa, nikaenda moja kwa moja kwenye taarifa, na masharti yakabaki mbele yakilinda kurasa ambazo swali halikuzipitia. Tulikubaliana kuyahamisha. Ilitubidi tuyatoe yote kwenye kurasa na kuyaweka karibu na taarifa zenyewe, ili mtu awe amepitia ukurasa au swali, akutane na masharti yaleyale. Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ya kuweka lugha ya maswali. Mwalimu aliipenda. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipiga mluzi.

Tatizo la pili lilikuwa la uzito. Ukiuliza kwa lugha hii wakulima wa kijiji cha Kichiwa na mashamba yao, seva isipofundishwa itaenda kwenye hifadhidata kuchukua orodha ya wakulima, kisha itarudi tena kwa mkulima wa kwanza kutafuta mashamba yake, itarudi kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Mtu aliyeuliza anaona swali moja. Hifadhidata inaona kundi zima la maswali madogo. Dawa yake inajulikana: vijiprogramu vinasubiriana, vinakusanya namba zote zinazohitajika, halafu vinauliza kwa pamoja. Tuliiweka dawa hiyo kwenye wakulima, kwenye mashamba na kwenye ukaguzi. Palibaki sehemu moja ambayo tuliiandikia alama ya kuirudia: uhusiano kati ya fungu la mbegu na fungu lililolizaa. Mbegu ya viazi ina vizazi. Viazi vya msimu huu ni watoto wa viazi vya msimu uliopita, na mfumo ulikuwa unakumbuka kila fungu limetokana na lipi. Tulijua pia kwamba inabidi tuweke kikomo, swali lisiweze kuchimba kwenda chini bila mwisho. Nayo tuliiandikia alama.

Mvua ziliwahi. Meneja akasema watu wa shamba wapewe programu yao sasa hivi, na yaliyobaki tutayamalizia huku inatumika. Tukawapa. Kwa muda fulani kila mtu alifurahi. Bibi shamba wa Iwawa alinitumia ujumbe wa sauti akicheka, akisema amesimama juu ya kilima na ameona tarehe ya ukaguzi kabla hata hajavaa glavu. Watu wa umoja waliokuwa na ujuzi kidogo niliwapa pia ukurasa wa kuandikia maswali yao wenyewe, na yeye alijifunza upesi kuliko wote.

Siku ya kupakia mzigo mkubwa wa kwanza nilikwenda Makambako. Kulikuwa na upepo na jua lisilo na joto. Lori lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa ghala, linaelekea kwa wanunuzi wa upande wa Iringa, sehemu zenye joto kuliko kwetu. Wapakiaji walikuwa wanabeba magunia, na binti wa ghalani alikuwa anasoma lebo ya kila gunia kwa simu, mfumo unaandika, gunia linapanda. Mimi na Mwalimu tulikuwa kwenye kijiofisi chenye kioo, tukiangalia, tukiwa hatuna cha kufanya, jambo ambalo kwa watu wa kazi yetu ndilo furaha.

Halafu binti wa ghalani akasimama. Aliitazama simu, akaitikisa, akatutazama sisi.

“Imeganda,” alisema.

Ofisi ya Njombe wakapiga simu: na kwao imeganda. Mwalimu akaiwasha seva upya kutoka kwenye kompyuta yake. Ikaamka, ikaandika magunia machache, ikaganda tena. Meneja alikuwepo, akaja akasimama nyuma yetu huku dereva wa lori akiuliza kama anaweza kuzima injini.

Mwalimu akafungua kumbukumbu za seva. Maandishi yalikuwa yanapita kwa kasi ambayo jicho halishiki, maswali madogo kwenda kwenye hifadhidata, moja baada ya jingine, yote ya aina moja: fungu hili limezaa mafungu gani, na hayo yamezaa mafungu gani, na yamekwenda kwa nani. Ni pale palepale tulipopawekea alama. Swali lilikuwa linaelemea seva mpaka inashindwa kujibu, na programu ya simu, ambayo niliifundisha isikate tamaa kwa sababu ya mtandao wa Makete, ilikuwa inangoja kidogo na kuuliza tena.

“Nani huyo?” meneja akauliza.

Mwalimu alisogeza kidole kwenye skrini. Ilikuwa akaunti ya bibi shamba wa Iwawa.

“Msichana anatuchezea mfumo siku ya mzigo,” meneja alisema. “Mzuie.”

Nilimzuia. Seva ikatulia, magunia yakaanza kuandikwa tena. Meneja akatugeukia.

“Sasa hiyo lugha yenu ya maswali ifungeni. Rudisheni ya zamani. Mimi nahitaji mfumo unaofanya kazi, siyo mfumo ambao mtu mmoja Iwawa anaweza kuuangusha.”

Nilitegemea Mwalimu akubali. Alikuwa na kila sababu. Lakini alikuwa hamsikilizi. Alikuwa amelinakili lile swali kutoka kwenye kumbukumbu, amelipanga vizuri kwenye skrini, analisoma taratibu, midomo inacheza, kama anayesahihisha mtihani.

“Hachezi,” alisema. “Dada, mpigie.”

Nilipiga. Alipokea haraka, upepo ukivuma nyuma yake.

“Shikamoo, dada. Imenitoa nje, siwezi kuingia.”

“Marahaba. Mimi ndiye niliyekutoa. Ulikuwa unatafuta nini?”

Akanieleza. Jana yake alikuwa amepigiwa na mwanafunzi mwenzake wa zamani, ambaye ni bwana shamba kwenye sehemu za joto. Wakulima wake walinunua mbegu zetu msimu uliopita, na viazi vilikuwa vimeanza kunyauka shambani vikiwa bado kijani. Mwenzake alikata shina, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji, akaona uzi mweupe kama maziwa unashuka. Hiyo ni dalili ya mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huo huweza kukaa ndani ya kiazi kwenye baridi yetu bila kuonyesha chochote. Mmea unakuwa mzuri, mkaguzi anapita, anaandika safi. Mbegu ikishuka kwenye joto ndipo ugonjwa unaamka.

“Amenisomea namba ya lebo,” alisema. “Nikataka kujua lile fungu lilitoka shamba gani, na shamba hilo limetoa mafungu gani mengine, na hayo yamezaa yapi, na yako wapi sasa. Nikauliza mpaka mwisho. Nimekosea?”

“Hujakosea. Subiri kwenye simu.”

Niliweka sauti kubwa ili meneja asikie, akarudia. Wapakiaji walikuwa bado wanapandisha magunia. Mwalimu alikuwa ameshaacha lugha yangu ya maswali pembeni, ameingia kwenye hifadhidata moja kwa moja, anauliza swali lilelile kwa hatua, kizazi kimoja kimoja. Kwa njia hiyo ilichukua dakika chache tu. Mti wa ukoo wa mbegu ulikuwa mwembamba kwa juu na unapanuka kwenda chini. Shamba lililoanzisha lilikuwa Kichiwa. Sehemu kubwa ya mbegu zake ilikuwa imeshauzwa na kupandwa. Mafungu mengine mawili yalikuwa humo ghalani.

Binti wa ghalani aliangalia namba, akaangalia lori.

“Moja limeshapanda,” alisema. “Liko mbele kabisa.”

Ilimaanisha kushusha karibu mzigo wote. Meneja alitoka nje. Nilimwona kupitia kioo akitembea kandokando ya lori, mikono mifukoni, akasimama mbele, akarudi. Mnunuzi alikuwa amempigia asubuhi ileile kumwambia ardhi iko tayari. Hakuna mtu aliyekuwa na uhakika kwamba mbegu zile zinaumwa. Kulikuwa na swali, na glasi ya maji mahali pengine.

Aliporudi alimwambia Mwalimu, kwa sauti ya chini, “Ungeniambia mtandao umekatika tu, ningelala vizuri.”

“Baadaye ungeniuliza kwa nini sikukuambia,” Mwalimu alisema.

“Shusheni,” meneja akasema. Halafu akaenda kuongea na dereva.

Wapakiaji walilalamika kwa haki, wakashusha. Yale mafungu mawili yakawekwa peke yake kwenye banda la nyuma, na lori likaondoka alasiri likiwa pungufu. Suala la kufunga lugha ya maswali halikuzungumzwa tena siku ile. Nilipomuuliza Mwalimu njiani kuelekea stendi kwa nini ameitetea, alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza kitu kilichoko ubaoni.

“Kurasa zangu zisingeangushwa na mtu yeyote,” alisema. “Lakini kwenye kurasa zangu yule msichana asingeweza kuuliza.”

Sampuli za viazi zilipelekwa maabara Mbeya. Wakati tunangoja majibu, ilibidi mkulima wa Kichiwa aambiwe kwamba mbegu zake zimesimamishwa. Bibi shamba alishuka kutoka Iwawa, na Mwalimu akasema mimi niende naye, kwa sababu mkulima atauliza kompyuta ilijuaje, na mimi nazungumza Kibena.

Walikuwa mume na mke, watu wa makamo, waumini wazuri, nyumba ya matofali ya kuchoma na bati jekundu, jiko la kuni pembeni ambamo tulikaribishwa kwa sababu ya baridi. Tulisalimiana, kamwene, kamwene, tukapewa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Tulikula viazi vile tukijua tumekuja kusema nini. Bibi shamba alieleza vizuri, bila kuzunguka. Alisema viazi vyao kwa kula havina shida yoyote, kwa mbegu ndiyo kuna wasiwasi, na kwamba bado hatujui.

Mume aligeuka kunitazama mimi.

“Wewe ndiye wa kompyuta?”

“Ndiyo, baba.”

“Mkaguzi alikuja hapa na miguu yake. Akapita mstari kwa mstari. Akasema safi, akasaini. Hiyo kompyuta imekaa Makambako. Imeonaje viazi vyangu vinaumwa?”

“Haijaona viazi, baba. Inajua tu mbegu zako zilikwenda wapi. Walioona ugonjwa ni watu wa kule zilikopandwa.”

“Kule kuna mashamba mengi. Na udongo wao, na maji yao.”

“Ni kweli.”

“Kwa hiyo huenda ni wao.”

“Huenda,” bibi shamba alisema. “Ndiyo maana tumepeleka maabara.”

Mke alikuwa akisukuma kuni ndani ya jiko. Sasa alimwambia mumewe kwa Kibena, bila kutuangalia, kwamba kile kijito cha chini walichoanza kuchotea maji ya kuoshea majembe kinapita kwenye shamba la jirani ambako viazi vilikufa mwaka juzi, na kwamba alishamwambia. Bibi shamba hakuelewa, yeye ni Mkinga. Mimi nilielewa, na nikaona si mahali pangu kutafsiri. Baada ya muda mume mwenyewe akarudia maneno yale kwa Kiswahili, taratibu, akimwambia bibi shamba, kila kitu, mpaka sehemu ya kwamba alishaambiwa. Kisha akasimama akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Tulipoaga, mke alitusindikiza mpaka barabarani. Alitushika mikono kwa muda mrefu. “Amekasirika,” alisema. “Siyo kwenu.”

Majibu ya maabara yalikuja. Shamba lile lilikuwa na ugonjwa. Mafungu yaliyokuwa ghalani yaliuzwa kama viazi vya kula, na umoja uliwapigia simu wakulima wote waliokuwa wamepanda mbegu za ukoo ule, mmoja mmoja, kuwaambia waangalie mashamba yao na wasitunze mbegu kutoka humo. Wengine walishukuru, wengine walikata simu. Wale wa sehemu za joto walipoteza msimu. Shamba la Kichiwa lilifutwa kwenye uzalishaji wa mbegu, na kwa ugonjwa ule ina maana ya miaka, siyo msimu mmoja.

Mimi na Mwalimu tulirudi kwenye alama zetu. Tuliweka kikomo cha kina, swali likizidi pale seva inalikataa kwa upole na kueleza kwa nini. Tuliifundisha simu ikate tamaa mapema. Na kwa ajili ya vizazi vya mbegu hatukuacha watu wachimbe wenyewe ngazi kwa ngazi. Tuliandika sehemu maalumu ndani ya lugha, inayopokea namba ya fungu na kurudisha ukoo wake wote kwa safari moja ya hifadhidata, kwa njia ileile aliyotumia Mwalimu siku ya lori. Wanaoruhusiwa kuiuliza ni watu wa shamba na wakaguzi. Meneja naye aliomba ruhusa, akapewa. Nimeona kwenye kumbukumbu kwamba siku za mzigo huwa anaiuliza kabla ya kumpigia mnunuzi.

Sijui kama hadithi hii ni ya ushindi. Ukiniuliza kilichofanya kazi, nitasema ni simu ya yule mwanafunzi mwenza wa bibi shamba, glasi ya maji, na mwanamke aliyezungumza jikoni kwa lugha yake. Mfumo ulianguka. Ulichofanya, kabla ya kuanguka, ni kumruhusu mtu aandike swali lake kamili, na swali hilo likabaki limeandikwa mahali ambapo mtu mwingine aliweza kulisoma. Huwa nafikiria jinsi nilivyokuwa nimeweka kidole tayari kumfungia akaunti, na nilivyomfungia kweli, na nisingeona ubaya wowote kama Mwalimu asingelisoma swali lile.

Bibi shamba sasa amehamia shirika jingine, Kanda ya Ziwa. Hunitumia picha za mihogo. Mwalimu bado yuko Makambako, na siku hizi jioni anafundisha vijana wawili watatu wa mtaani kwake kuprogramu, kwenye sebule yake, wote wamevaa makoti.

Mke yule wa Kichiwa nilikutana naye juzi sokoni Njombe, upande wa mbogamboga. Alikuwa anauza kabichi na karoti. Aliniona kabla sijamwona, akaniita “mwanangu” kwa Kibena, akanichagulia kabichi mwenyewe, akiziminya moja moja. Nilimuuliza habari za baba. Akasema mzima, mwaka huu wamepanda ngano sehemu ya juu na parachichi sehemu ya chini, na parachichi zimeshika. Kisha akaniuliza mama anaendeleaje na miguu, tukasimama pale tukazungumzia dawa za miguu, ipi inasaidia na ipi inauzwa tu, mpaka mteja mwingine akaja akauliza bei ya karoti.